Farasi Wanane na Swali Moja

Nilizaliwa Kongwa, katika nyumba ya wafugaji. Nilipofika umri wa miaka saba nilikabidhiwa fimbo na ndama, na tangu siku hiyo nikachunga kwa miguu, kama alivyochunga baba yangu na babu yangu. Farasi nilimwona vitabuni tu. Basi mwaka 1993, nikiwa mwanafunzi Colorado, nchini Marekani, nilipopata kibarua cha likizo ya kiangazi katika ranchi moja ya mbali kaskazini mwa Wyoming, nilijiambia kuwa kazi ya ng'ombe naijua. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa ya farasi.

Tuliondoka alfajiri, mwezi wa Juni, mimi na mzee mmoja mfanyakazi wa siku nyingi, na farasi wanane ndani ya tela. Safari ilikuwa ya kilomita zipatazo 500. Kila baada ya saa chache tulisimama kuwanywesha maji tuliyoyabeba kutoka nyumbani, maana farasi aweza kukataa maji ya ugenini hata akiwa na kiu. Tuliposimama kununua mafuta, muuzaji aliitazama kofia niliyoazimwa, kisha akauliza huku akicheka: tangu lini watu kama mimi wakawa makauboi? Wenzake nao wakacheka. Sikuwa na jibu. Nilirudi garini nikajiona kama mtu aliyevaa nguo za mwenzake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa jioni ile ile. Kazi yangu ilikuwa kuwakusanya farasi kabla jua halijachomoza, kukagua kwato zao, kuwaweka tayari kwa matandiko, na usiku kuwafungia. Usiku wa tatu sikulifunga lango sawasawa. Kulipokucha, farasi wawili hawakuwapo. Tuliwatafuta hadi mchana, tukawakuta wamesimama penye kona ya seng'enge, vichwa vyao vimeelekea kusini, tulikotoka. Nilitazamia matusi. Mzee alisema tu, "Nao wamekumbuka kwao, kijana."

Jioni ile, tukiota moto, alinieleza kuwa kazi yangu ni ya zamani sana. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha mwaka 1865, ng'ombe wa Texas waliswagwa mamia ya kilomita kwenda kwenye masoko na malisho ya kaskazini. Kila mchungaji alihitaji farasi kadhaa wa kubadilisha, na aliyewatunza kwa kawaida alikuwa kijana mdogo kuliko wote, tena mwenye ujira mdogo. Kisha akaongeza kwamba wengi katika misafara ile walikuwa watu weusi. Nilidhani ananifariji.

Niliporudi chuoni nikaingia maktaba. Mzee alisema kweli. Wanahistoria wengi hukadiria kuwa karibu mtu mmoja katika kila wachungaji wanne wa siku zile alikuwa mweusi. Mmoja wao, Bose Ikard, alizaliwa mtumwa huko Mississippi, akapelekwa Texas akiwa mtoto. Mwaka 1866, akiwa mtu huru, alijiunga na msafara wa Charles Goodnight na Oliver Loving. Goodnight alimwamini hata akamkabidhi kubeba fedha za mauzo ya ng'ombe. Ikard alipofariki mwaka 1929, Goodnight, ambaye naye alikuwa mzee sana, alimwekea jiwe kaburini, huko Weatherford, lenye kusifu utumishi wake. Njia waliyoianzisha ilikuja kufika Cheyenne, mji tulioupita na tela letu.

Na hata farasi wenyewe, ambao kila picha ya nchi ile huwaonyesha kama wenyeji, walikuwa na historia ya kuondoka na kurudi. Asili yao ni Amerika, lakini walitoweka huko miaka ipatayo 10,000 iliyopita. Wahispania ndio waliowarudisha, tangu safari ya pili ya Columbus mwaka 1493. Ufugaji wa ng'ombe kwa kupanda farasi nao ulitoka kwa Wahispania na watu wa Meksiko. Neno ranchi lenyewe ni lao. Nami nilikuwa nimelisikia tangu utotoni kwetu Kongwa, bila kujua limetembea kiasi gani.

Kwetu farasi hakutembea mbali. Sehemu nyingi za Afrika, mbung'o na maradhi ya farasi yenyewe vilimzuia, ndiyo maana mizigo ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilikwenda mabegani mwa watu. Wapagazi wale walikuwa maelfu, na majina tuliyonayo ni machache. Ikard alipata jiwe kwa sababu tajiri wake alimkumbuka. Wenzake wengi hawakupata hata hilo.

Mwezi wa Agosti, tulipokuwa tukirudi na farasi wetu wanane, tulinunua mafuta pale pale. Muuzaji alikuwa yule yule. Alipokea fedha, asiniulize kitu. Na kama angeuliza, ningenyamaza tena, kwa kuwa jibu nililipata baadaye, vitabuni. Ndiyo sababu naliandika hapa, ndugu msomaji: tangu mwanzo.