Moshi wa London

Somo letu la leo ni juu ya moshi wa mjini.

Mwezi wa Desemba, mwaka 1952, kulikuwa na baridi kali katika mji wa London, Uingereza. Watu wakawasha makaa ya mawe majumbani. Upepo haukuvuma. Moshi ukachanganyika na ukungu, ukatanda siku 5. Hata mchana njia hazikuonekana, mabasi yakasimama. Watu wapatao 4,000 walikufa, hasa wazee na wenye maradhi ya kifua. Hesabu za baadaye zilifika 12,000.

Mwaka 1956 ikatungwa sheria ya kupunguza moshi.

Kila nyumba ilitoa moshi kidogo tu. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Je, moshi wa jikoni kwako huenda wapi?