Thorncliffe Park: Kutoka Shamba la Farasi hadi Maghorofa ya Wahamiaji

Kabla ya maghorofa, Thorncliffe lilikuwa shamba juu ya bonde la Mto Don, nje ya jiji la Toronto, Kanada. Lilikuwa la ukoo wa Taylor, watu wa viwanda vya karatasi. Mwaka 1888 Robert Davies, mtengenezaji wa bia, akalinunua na kufuga humo farasi wa mbio. Alipokwisha kufariki, shamba likageuzwa uwanja wa mashindano, uliofunguliwa mwaka 1917. Kwato zilinyamaza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wajenzi wakaingia, na majengo marefu ya kupangisha yakapanda mahali pa malisho. Enzi ile imebaki katika majina ya barabara: Grandstand Place na Milepost Place.

Nyumba hizo zilikuwa bado mpya historia yetu ya Afrika Mashariki ilipozigusa. Mwaka 1971 Tanzania ilitaifisha majengo ya kupangisha, na familia nyingi za Kihindi zilizoyajenga Dar es Salaam na kwingineko zikaanza kutazama ng'ambo. Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Kanada ilipokea zaidi ya 6,000 kati yao. Waismailia wengi wa Afrika Mashariki, Waislamu wa Kishia wenye asili ya Kihindi, waliishia Thorncliffe na mtaa jirani wa Flemingdon. Hawakuwa wageni wa Kiswahili: wengi walikizungumza tangu utotoni, dukani na sokoni, sambamba na Kikachi na Kigujarati nyumbani.

Aliyeyaandika maisha yao kwa undani ni M. G. Vassanji, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam. Riwaya yake *No New Land* ya mwaka 1991 inamfuata Nurdin Lalani, mtu wa Dar anayehangaika kupata kazi na heshima Toronto. Mtaa wake umebadilishwa jina kidogo tu, ukaitwa Rosecliffe Park, na msomaji anautambua mara moja.

Leo Thorncliffe ni makazi ya Wapakistani na Waafghani wengi, na bustani ya R. V. Burgess ina tanuri la kuokea mikate, lililowekwa mwaka 2013 kwa juhudi za akina mama wa mtaani.

Waliofika kutoka Afrika Mashariki miaka ile ya 1970 wakiwa vijana sasa ni wazee. Mwenye bibi au babu miongoni mwao na amketishe, amrekodi akisimulia, kwa Kiswahili chake, safari ya kutoka Kampala au Dar. Kazi hiyo isingoje.