Swali la Uwezo Mlangoni: Madalali wa Mahakama na Deni la Kodi ya Halmashauri nchini Uingereza, 1601–2014

1. Utangulizi

Insha hii inachunguza jinsi sheria ilivyompa ofisa wa kukamata mali mamlaka ya kubisha hodi katika nyumba ya mtu anayedaiwa kodi ya halmashauri nchini Uingereza, na jinsi wadaiwa walivyokabiliana na mamlaka hayo. Kodi ya halmashauri ilianza kutozwa mwezi Aprili 1993 chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1992. Nchini England nyumba zimegawanywa katika madaraja manane kwa kufuata thamani iliyokadiriwa ya tarehe 1 Aprili 1991. Mapato yake husaidia kugharimia uzoaji taka, matunzo ya wazee na huduma nyingine za mitaa. Kwa hiyo mjadala wa insha hii hauhusu iwapo kodi hiyo ikusanywe au isikusanywe. Swali lake ni jingine: katika mlolongo wa hatua za kudai deni, ni wapi sheria humuuliza mdaiwa kama anao uwezo wa kulipa?

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba sheria ya England imeliweka swali hilo mwisho, baada ya dalali kukwishafika mlangoni, na kwamba mpangilio huo una mizizi katika sheria ya mwaka 1601. Uskoti, iliyokuwa na utaratibu mkali vilevile, ililisogeza swali hilo mbele ya mlango mwaka 2002. Tofauti hiyo ilitokana na mapambano ya hadharani dhidi ya mnada.

Yafaa kufafanua istilahi. Neno “Uingereza” limetumika kwa maana ya dola nzima, na “England” kwa maana ya sehemu yake moja. Ofisa anayezungumziwa ameitwa “dalali wa mahakama”, kwa kuwa ndilo jina linalofahamika nchini Tanzania kwa mtu anayekamata na kuuza mali ya mdaiwa. Jina hilo linatokana na kazi ya kunadi. Jina lake la Kiingereza, kinyume chake, linatokana na neno la kale la Kifaransa lililomaanisha msimamizi aliyekabidhiwa mamlaka. Tofauti hiyo ya majina ina maana yake, kama itakavyoonekana katika hitimisho.

2. Chimbuko la utaratibu: rehani, mauzo na kifungo

Katika sheria ya kale ya England, mtu aliyedai kodi ya pango aliweza kuchukua mali ya mdaiwa bila kwenda mahakamani. Mali hiyo ilikuwa rehani tu: ilishikiliwa ili kumsukuma mdaiwa alipe, wala haikuuzwa. Sheria ya Marlborough ya mwaka 1267 ilijaribu kuzuia dhuluma katika jambo hilo, miongoni mwa mengine kwa kukataza ukamataji wa mali iliyozidi kiasi cha deni.

Badiliko kubwa kwa upande wa kodi za mitaa lilikuja na Sheria ya Maskini ya mwaka 1601. Sheria hiyo iliziagiza parokia kutoza kodi ili kuwatunza maskini wake, na ikaruhusu kodi isiyolipwa idaiwe kwa kukamata na kuuza mali kwa hati ya mahakimu wa amani. Kama mali ya kutosha haikupatikana, mdaiwa aliweza kupelekwa jela. Ruhusa ya kuuza haikuwafikia wenye nyumba wanaodai pango hadi mwaka 1689. Kwa hiyo kodi ya mitaa ilitangulia kupewa silaha ya mnada kwa takriban miaka tisini, na jambo la kusikitisha ni kwamba silaha hiyo ilitolewa katika sheria iliyokusudiwa kuwasaidia maskini.

Mpaka wa mamlaka hayo uliwekwa na mahakama. Katika shauri la Semayne la mwaka 1604 iliamuliwa kwamba nyumba ya mtu ni ngome yake. Katika madai ya kawaida kati ya raia na raia, ofisa hakuwa na ruhusa ya kuvunja mlango wa nje, ingawa aliweza kupita ukiwa wazi. Kanuni hiyo ilitumika pia katika ukamataji wa mali kwa deni la kodi za mitaa. Toka hapo, uhusiano wa dalali na mdaiwa ukawa ni wa kizingiti: aliyefunga mlango alikuwa na kinga, na aliyefungua, kwa adabu, kwa woga au kwa kutojua, aliipoteza. Ujuzi wa sheria ukawa na thamani kubwa mno kwa mdaiwa, na waliokuwa na ujuzi huo mara nyingi hawakuwa maskini.

3. Mnada kama jukwaa

Mwanzoni mwa karne ya ishirini mlango na mnada viligeuzwa kuwa majukwaa ya siasa. Mwaka 1906 Dora Montefiore, mpigania haki ya wanawake ya kupiga kura, alikataa kulipa kodi ya mapato kwa Bunge asilokuwa na sauti ndani yake. Alifunga milango ya nyumba yake huko Hammersmith, London, na kuwazuia madalali kwa takriban wiki sita, huku akiwahutubia watu kutoka ndani. Mwaka 1909 ilianzishwa jumuiya ya wanawake waliokataa kulipa kodi, na minada ya mali zao ikawa mikutano ya hadhara. Mwaka 1911 pete ya Sophia Duleep Singh, binti wa mfalme wa mwisho wa dola ya Masingasinga ya Punjab, ilikamatwa baada ya kukataa kulipa ada za leseni. Ilipopigwa mnada, mwenzake aliinunua na kumrudishia.

Madeni haya yalikuwa ya serikali kuu, si ya halmashauri, na wadaiwa wengi wa aina hii walikuwa watu wa nafasi. Hata hivyo, mifano hii inaonyesha jambo la msingi. Kukamata mali ni nguvu inayofanya kazi vizuri zaidi faraghani. Inapolazimika kuonekana, kwa mali kupangwa hadharani na bei kutajwa kwa sauti, jamii hupata nafasi ya kuhukumu iwapo kitendo hicho ni cha haki.

4. Kodi ya kichwa, 1989–1993

Serikali ya Margaret Thatcher ilifuta kodi ya zamani ya majengo ya makazi na mahali pake ikaweka tozo ya kila mtu mzima, iliyoanza Uskoti tarehe 1 Aprili 1989 na England na Wales tarehe 1 Aprili 1990. Wananchi waliiita kodi ya kichwa. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa uzito wa jina hilo: kodi ya namna hiyo iliendelea kutozwa Tanzania bara kwa jina la kodi ya maendeleo hadi ilipofutwa mwaka 2003. Katika eneo moja la Uingereza, tajiri na mfanyakazi wa kipato cha chini walidaiwa kiasi kilekile, ingawa palikuwa na unafuu kwa baadhi ya wenye kipato kidogo sana.

Mamilioni hawakulipa. Maandamano ya London ya tarehe 31 Machi 1990, yaliyoishia kwa ghasia katika uwanja wa Trafalgar, ndiyo yanayokumbukwa zaidi. Kwa madhumuni ya insha hii, hata hivyo, yaliyotokea mahakamani na milangoni yana uzito mkubwa zaidi. Sheria ilizitaka halmashauri za England zipate kwanza amri ya mahakama ya mahakimu inayothibitisha kwamba mtu anawajibika kulipa. Utaratibu huo ulijengwa juu ya dhana kwamba waitwao hawatafika: majina huorodheshwa kwa mamia, na amri hutolewa kwa pamoja. Mwezi Juni 1990, katika kisiwa cha Wight, watu walifika kwa wingi, na kesi zipatazo 1,900 zikatupwa kwa sababu halmashauri haikuwapa wadaiwa muda wa kutosha baada ya notisi. Hapakuwa na hoja kubwa ya kikatiba hapo. Waitwao walifika tu, na utaratibu ukalazimika kujieleza.

Uskoti ilikuwa na utaratibu wake. Ofisa wa mahakama aliingia nyumbani, akaorodhesha na kuthamini vyombo, kisha hati ya mahakama ikaruhusu mnada. Vikundi vya mitaa vilikusanyika mbele ya nyumba zilizotarajiwa kufikiwa na maofisa hao. Mwezi Oktoba 1991 umati ulifika Turnbull Street, Glasgow, kuzuia mnada uliopangwa kufanyika katika kituo cha polisi. Mnada haukufanyika. Kiongozi wa upinzani huo, Tommy Sheridan, alikuwa amekatazwa na mahakama kufika hapo. Alihukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kuidharau amri hiyo, na mwaka 1992 akachaguliwa kuwa diwani akiwa bado gerezani.

Kodi ya kichwa ilifutwa na kodi ya halmashauri ikaanza. Kodi mpya ilizingatia thamani ya nyumba na kumpunguzia asilimia 25 mtu mzima anayeishi peke yake. Lakini zana za kudai zilirithiwa karibu zote. Bunge lilibadili kinachodaiwa. Namna ya kudai ikabaki.

5. Njia mbili baada ya 1993

Chini ya kanuni za mwaka 1992, mdaiwa wa England anayekosa awamu moja hupewa kumbusho la siku saba. Asipolipa, salio la mwaka mzima huiva kwa mara moja. Baada ya siku saba nyingine halmashauri inaweza kumwita mahakamani. Hapo mahakimu huangalia kama kodi ilitozwa kihalali na kama haijalipwa. Umaskini si utetezi. Ikishapata amri, halmashauri huchagua: kukata mshahara, kukata posho ya serikali, au kumtuma dalali, ambaye kwa kawaida ni mtumishi wa kampuni binafsi. Dalali akirudisha taarifa kwamba hakupata mali ya kutosha, halmashauri inaweza kuomba mdaiwa afungwe hadi miezi mitatu. Ni katika hatua hiyo tu ndipo mahakama inapolazimika kuchunguza uwezo wake, na kuamua kama alikataa kwa makusudi au alizembea kwa namna ya kulaumiwa. Mfuatano wa mali kwanza, jela baadaye, ni ule wa mwaka 1601. Wales ilifuta kifungo hicho tarehe 1 Aprili 2019. England haikufanya hivyo wakati huo.

Uskoti ilichukua njia nyingine. Sheridan, sasa mbunge wa Bunge jipya la Uskoti, aliwasilisha muswada uliokuwa sheria mwaka 2001 na kufuta uorodheshaji na mnada wa vyombo vya nyumbani. Sheria iliyofuata mwaka 2002 iliruhusu mali iliyomo ndani ya makazi ikamatwe tu pale hakimu anaporidhika kwamba kuna mazingira ya kipekee, na baada ya kuzingatia hali ya mdaiwa. Kwa lugha ya insha hii, swali la uwezo lilivushwa kutoka mwisho wa mlolongo hadi kabla ya mlango kufunguliwa. Mwaka 2015 Uskoti ilihitimisha pia ukusanyaji wa madeni ya zamani ya kodi ya kichwa.

England nayo ilifanya mageuzi. Kanuni zilizoanza tarehe 6 Aprili 2014 zilimtaka dalali atoe notisi ya siku saba, aingie kwa mlango tu, kati ya saa 12 asubuhi na saa 3 usiku, na asiingie penye mtoto peke yake. Jiko, vitanda na vifaa vya kazi hadi thamani ya pauni 1,350 vililindwa. Haya yalikuwa maendeleo ya kweli. Hata hivyo, kanuni hizohizo ziliweka ada: pauni 75 deni linapokabidhiwa kwa dalali, na pauni 235 anapofika nyumbani. Mtu mwenye deni la pauni 200 akawa anadaiwa pauni 510 kabla ya kiti kimoja kuguswa. Aidha, mwaka mmoja kabla, Aprili 2013, serikali kuu ilifuta unafuu wa kitaifa wa kodi hiyo na kuziachia halmashauri za England zitunge mipango yao kwa fedha pungufu, huku wastaafu wakilindwa. Hivyo maskini wengi wa umri wa kufanya kazi waliletewa ankara kwa mara ya kwanza, na ada mpya zikawakuta hapohapo.

Wapo watetezi wa utaratibu huu wanaosema kwamba bila tishio la dalali wenye uwezo nao wangeacha kulipa, na mzigo ungewaangukia majirani. Hoja hiyo ni nzito, lakini inatetea tishio dhidi ya asiyetaka kulipa. Haielezi kwa nini asiyeweza achanganywe naye mpaka hatua ya mwisho. Mfano wa Uskoti unaonyesha kwamba kutenganisha wawili hao mapema ni jambo linalowezekana kisheria.

6. Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba kilichobadilika zaidi nchini England ni mahali nguvu inapofanyia kazi. Katika karne ya 17 nguvu hiyo ilikuwa katika mnada. Leo imo katika ziara yenyewe na ada yake. Mdaiwa husaini makubaliano kwamba vyombo vyake vimekamatwa, vikabaki sebuleni, naye akalipa kwa awamu pamoja na gharama za kufikiwa. Afisa huyo hanadi tena ila kwa nadra, hivyo jina la “dalali” halimfai sawasawa. Minada ilipokuwa hadharani, wanawake wa London na wakazi wa Glasgow waliweza kuigeuza kuwa baraza la kuhoji haki ya deni. Mazungumzo ya kizingitini hayana baraza: wanaoyasikia ni watu wawili, na mmoja wao analipwa kwa kufika. Kwa sababu hiyo, mtafiti anayetaka kupima haki ya mfumo wa kodi za mitaa, Uingereza au kwingineko, asiishie kwenye viwango vya kodi. Achunguze pia ni nani humuuliza mdaiwa kama ana uwezo, na kama swali hilo huulizwa kabla ya hodi au baada yake.