Bustani za Dar es Salaam na Asili Yake

Mkulima akiambiwa ya kuwa mjini liko shamba lisilovunwa, hucheka. Ndivyo walivyotucheka wazee wa kijiji chetu siku tulipowaaga kwenda Dar es Salaam na wanafunzi wetu kutazama bustani. "Kwani huku miti mmeikosa?" wakatuuliza. Hatukuwa na jibu la kuwaridhisha, tukaenda.

Tulifika asubuhi, kabla jua halijapanda, maana jua la mji ule, likisaidiwa na mvuke wa bahari, halimhurumii hata mzaliwa wa pwani. Tukafuata barabara ya Samora kuelekea mashariki. Tukapita sanamu ya askari mwenye bunduki, iliyosimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa vita vya kwanza vya dunia, hata tukaingia katika Bustani ya Mimea. Kelele za magari zikapungua, na watoto wakaketi kivulini bila ya kuambiwa.

Mzee mmoja alikuwa akifagia majani. Tulipomwamkia, aliweka ufagio chini akatuonyesha mnazi wa Shelisheli, ambao mbegu yake ni kubwa kupita mbegu zote za dunia, na tunda lake huchukua yapata miaka sita au saba kukomaa. "Wanangu," akasema, "mwenye haraka asipande mti huu." Hapo mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, shamba hili ni la nani?" Tukamjibu upesi kwamba ni la serikali, naye akanyamaza. Lakini swali lake halikutuacha, na tuliporudi tulilitafutia jibu lililo bora zaidi. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Mji wa Dar es Salaam ulianzishwa na Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, katika miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima. Alipokufa mwaka 1870 kazi ilisimama. Hata mwaka 1891 Wadachi, ndio Wajerumani, wakahamisha makao yao makuu kutoka Bagamoyo wakayaleta hapa, na baada ya miaka miwili, yaani 1893, bustani ile ikaanza. Mkuu wa kazi za kilimo alikuwa Franz Stuhlmann, mtu aliyejua sana mimea na wanyama.

Basi msomaji asidhani ya kuwa bustani hiyo ilipandwa ili watu wapunge hewa. Lilikuwa shamba la majaribio. Mbegu na miche ya nchi za mbali ilipandwa pale ili ijulikane ipi itastahimili udongo na jua la huku, na ipi italeta fedha. Hakuna aliyewauliza wenyeji wanataka kulima nini. Mwaka 1902 sehemu kubwa ya kazi hiyo ya uchunguzi ikapewa makao mapya huko Amani, katika milima ya Usambara, na Stuhlmann akawa mkuu wake.

Kujaribu mbegu si kosa; kila mkulima mwenye akili hujaribu. Kosa ni kumpandia mtu shambani mwake bila ya shauri lake. Katika mwaka uo huo wa 1902 serikali ilianza kuwalazimisha watu wa sehemu za pwani kulima pamba katika mashamba ya jumuiya, kwa kazi nyingi na malipo haba. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika nchi ya Wamatumbi, watu waling'oa miche ya pamba, na huo ndio mwanzo wa vita vya Maji Maji. Hatuilaumu miti ya bustani, nayo haina hatia. Lakini aketiye katika kivuli chake yafaa ajue ya kuwa fikira iliyoipanda ndiyo iliyoipanda na pamba ile.

Adhuhuri tuliwapeleka watoto Mnazi Mmoja. Hapo hapana miti mingi ya ajabu, nao walisikitika kidogo. Bali sisi tuliona ya kuwa habari za mahali hapo zapita zile za bustani. Serikali ya Wadachi, na baadaye ya Waingereza, iliugawa mji katika sehemu tatu: Uzunguni, Uhindini, na Kariakoo ya Waafrika, iliyopata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa vita tulivyokwisha kuvitaja. Kati ya Kariakoo na Uhindini pakaachwa uwanja mtupu. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya, ati maradhi yasivuke. Uwanja ukawa kama ukuta usio na mawe.

Nao ukuta huo, ulipokuwa mtupu, ulikuwa na nafasi. Watoto walicheza, watu walikutana. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilizaliwa katika nyumba iliyo katika mtaa upakanao na uwanja huo, mtaa uitwao sasa Lumumba, na katika miaka iliyofuata watu wengi walikusanyika Mnazi Mmoja kumsikiliza Julius Nyerere. Nafasi iliyoachwa ili watu wasikaribiane ndiyo iliyowatosha walipotaka kukutana. Uhuru ulipopatikana, tarehe 9 Desemba 1961, haikuwa ajabu kwamba mnara wa Mwenge ulijengwa hapo.

Bustani ya Mimea yenyewe imepungua sana tangu zamani, kwa kuwa majumba yameisogelea pande zote. Twasikitika, maana katika mji wenye joto namna ile mti mkubwa ni mali, na hauoti kwa mwaka mmoja. Yule mzee alituambia watu huja kulala pale adhuhuri, wengine kusoma, wengine kuposana.

Mtoto aliyeuliza swali aliokota ganda la mkrismasi, mti wenye maua mekundu ambao asili yake ni Bukini, akamwomba mzee ruhusa ya kulichukua, akapewa. Amepanda mbegu zake nyuma ya darasa letu. Tatu zimeota, na moja imekwisha kuliwa na mbuzi.