Njia za Kale na Nyumba za Juzi: Ukuaji wa Mji wa Kale wa Mombasa

Nyumba nyingi za Mji wa Kale wa Mombasa, zile zenye uchaga wa mbao, yaani roshani inayochomoza juu ya njia, na milango iliyochongwa, hazina umri mkubwa kama wageni wanavyodhani, kwa kuwa aghalabu zilijengwa au kujengwa upya katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wafanyabiashara na mafundi wa Kihindi walipoongezeka kisiwani. Kilicho cha kale hasa ni mpango wenyewe wa mji: mikato ya njia, mahali pa misikiti na visima, na mipaka ya viwanja ambayo kila kizazi kimeirithi kutoka kwa kilichotangulia.

Mji wa mwanzo, ulioitwa Mvita, ulikuwa kaskazini ya Mji wa Kale wa leo, kuelekea Mzizima na ilipo Hospitali Kuu ya Pwani, ambapo wanaakiolojia waliochimba katika miaka ya 1970 walikuta mabaki ya makazi ya karne nyingi kabla ya kufika Wareno. Ibn Battuta, aliyepita hapo mwaka 1331, aliandika kwamba misikiti ilijengwa kwa mbao kwa ustadi, na kwamba kwenye mlango wa kila msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili vya kina cha dhiraa moja au mbili tu, watu wakiteka maji kwa chombo cha mti kilichofungwa kwenye kijiti chembamba na kuosha miguu kabla ya kuingia. Maelezo hayo mafupi yanafaa kuliko kurasa nyingi za sifa, maana yanaonyesha kuwa msikiti na kisima vilikwenda pamoja tangu zamani, na mtaa ukakua kuvizunguka.

Wareno waliuchoma mji mwaka 1505, wakaurudia mwaka 1528, na hatimaye wakajenga Ngome ya Yesu kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Ngome hiyo ndiyo iliyovuta uzito wa mji kusini: makazi ya Wareno, yaliyojulikana kama Gavana, yalijipanga karibu nayo, na Ndia Kuu, ambayo hadi leo ndiyo njia mama ya mtaa huo, inaanzia ubavuni mwake. Baada ya Waomani kuiteka ngome mwaka 1698, na hasa zama za Wamazrui, ukoo wa Kiomani uliotawala mji, watu wa Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, walikuwa na makazi yao upande wa Kibokoni, ilhali Tisa Taifa, muungano wa makundi tisa, walibaki upande wa Mvita, kila kundi likiwa na tamimu wake, kiongozi aliyelisemea mbele ya watawala.

Upana wa nyumba za mji huu uliamuliwa na mti. Boriti za mikoko, zilizoletwa kwa majahazi na kulazwa juu ya kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, hazivuki kwa usalama nafasi inayozidi sana mita tatu, kwa hiyo chumba kikawa kirefu na chembamba, na nyumba ikapanuka kwa kuongeza vyumba sambamba au ghorofa. Mwenye nyumba aliyetaka ukubwa zaidi hakuwa na pa kwenda isipokuwa juu, kwani pembeni palikuwa na jirani.

Jirani huyo hakuondoka kwa urahisi. Nyumba ilirithiwa kwa sheria ya Kiislamu, ikagawanyika mafungu kwa warithi wengi, na kuiuza au kuiunganisha na nyingine kukawa kazi ngumu. Nyingine zilifanywa wakfu, mali iliyofungwa kwa ajili ya msikiti, madrasa au kizazi cha aliyeiweka, nayo haiuzwi. London ina mfano wake: baada ya moto wa 1666 ilitolewa mipango ya barabara pana zilizonyooka, lakini mji ukajengwa upya karibu wote juu ya njia zilezile, kwa sababu wenye viwanja walivishikilia.

Mabadiliko makubwa yalikuja kutoka upande wa pili wa kisiwa. Reli ya Uganda ilianza kujengwa mwaka 1896, na reli nyembamba iliyokuwa imetandikwa mwaka 1890 na Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki kwa jaribio lililoshindikana ilitumiwa mjini kwa magari ya troli, yaliyosukumwa na watu kwa miguu, yakibeba maafisa na matajiri. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka wenye ardhi ya pwani wathibitishe madai yao. Nje ya Mji wa Kale, hasa Majengo, ukaenea utaratibu wa nyumba bila ardhi, ambapo mtu hujenga nyumba yake juu ya kiwanja cha mwingine na kumlipa kodi ya ardhi. Gati za maji ya kina zilipokamilika Kilindini mwaka 1926, bandari ya zamani iliachiwa majahazi ya kaskazi, na biashara kubwa ikahamia magharibi.

Umaskini huo wa kibiashara, kwa maoni ya wengi wa wanaouhifadhi mji, ndio uliouokoa, kwa kuwa hapakuwa na fedha za kuubomoa. Tangu eneo hilo litangazwe kuwa la hifadhi mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanaotoa vibali hukagua zaidi sura ya mbele ya nyumba, na majengo ya zege ya ghorofa kadhaa yameinuka Kibokoni na kwingineko juu ya viwanja vyembamba vilevile vya zamani, milango yake ikifunguka kwenye vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita.