Kabla ya Vikoba Kulikuwa na Sururu

Mwite mwanamume wa Bunju aje kuzungumza matatizo yake, utakaa peke yako na viti vyako. Mwite aje kuchimba kaburi, utamkuta ameshafika, sururu begani. Mimi ni katibu wa chama cha kufa na kuzikana hapa Bunju B, Dar es Salaam, na kila nikisoma au kuwauliza wazee habari za zamani naona kwamba tabia hii hatukuianzisha sisi. Katika mji huu wanaume walianza kusaidiana makaburini. Mengine yote, fedha, siasa, mpira, hata kuambiana ukweli, yalifuata nyuma ya jeneza.

Vijana wanaojiunga nasi hudhani tumewaiga wake zao. Wamezoea kuona vikoba: sanduku lenye kufuli tatu, hisa, mikopo, faini ya kuchelewa. Utaratibu huo ulianzia Niger mwaka 1991, ambako shirika la CARE liliuanzisha miongoni mwa wanawake wa vijijini, ukafika Zanzibar na baadaye Bara mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ni utaratibu mzuri. Mke wangu yumo, na ada ya mwanetu wa mwisho imetoka humo. Lakini wanaume wa Dar es Salaam walikuwa wakichangishana tangu enzi za babu zetu, na mchango wao wa kwanza ulikuwa sanda.

Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga mji wake hapa miaka ya 1860, kijiji kilichokuwapo, Mzizima, kilikuwa cha Washomvi na Wazaramo. Wajerumani walipohamishia makao yao hapo kutoka Bagamoyo mwaka 1891, wakaja wanaume wa kila namna: askari, wapagazi, matarishi, vibarua wa bandarini. Wengi waliacha wake na wajomba nyuma. Mtu wa namna hiyo akifa chumbani mjini, nani amwoshe, nani amtie kaburini? Jibu la kwanza lilikuwa mtani. Mnyamwezi alikuwa mtani wa Mzaramo tangu siku za misafara ya pembe, na utani haukuwa mzaha mtupu. Mtani alishughulika na maiti wakati wafiwa wamelegea, akavaa nguo za marehemu na kuiga mwendo wake, akazuia jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Wageni wa leo wakiona hayo hushangaa watu kucheka msibani. Sisi tuliolelewa humo tunajua kicheko kile kilimpa mwanamume ruhusa ya kutoa machozi bila kuonekana mnyonge.

Jibu la pili lilikuwa ngoma. Beni ilitoka pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, na hapa Dar ikagawanyika kuwa Marini na Arinoti. Marini walijiona waungwana. Arinoti walikuwa na watu wa kazi za mkono. Wakoloni waliona magwaride, vyeo vya kubuni na matarumbeta, wengine wakacheka, wengine wakaingiwa na hofu. Nyuma ya magwaride kulikuwa na mfuko. Mwanachama akiugua anatazamwa, akifa anazikwa, na aliyefika mjini jana anapata wenzake kabla hajapata kazi.

Baada ya hapo vikaja vyama vyenye karani na muhuri. Mwaka 1929 kikaanzishwa Chama cha Waafrika, ambacho rais wake wa kwanza alikuwa Cecil Matola na katibu wake Kleist Sykes. Ndicho kilichokuja kuwa TAA na hatimaye TANU tarehe 7 Julai 1954. Timu za mpira nazo zilizaliwa wakati huo huo: Yanga mwaka 1935, na mwaka mmoja baadaye ile iliyokuja kuitwa Simba. Pembeni yao kila kabila likawa na chama chake cha kuzikana na kupokea wageni.

Hapa ndipo habari inaponigusa, maana mimi ni Mzaramo kwa baba na kwa mama. Chama cha Wazaramo kilianzishwa mwaka 1938, na hoja ya wenyeji kuhitaji chama katika ardhi yao inataka kufikiriwa. Mnyamwezi alihitaji chama kwa sababu kwao mbali. Mzaramo kwao ni mwendo wa miguu: akifiwa Kariakoo, alfajiri ukoo umeshafika na mikeka. Lakini mji ulipokua, mwenyeji akajikuta nyuma. Kazi za ofisini zilishikwa na waliotoka kwenye shule za misheni za mbali, maduka yakawa ya wengine, naye akabaki kuleta mihogo, nazi na mkaa mjini, akiitwa mvivu na watu waliokuwa wanakula mihogo hiyo hiyo. Mwaka 1956, ofisa wa Kiingereza J.A.K. Leslie alipofanya utafiti wake mkubwa wa wakazi wa Dar es Salaam, Wazaramo ndio walikuwa kabila lenye watu wengi kuliko yote mjini. Wingi huo haukuwapa sauti. Kwa maoni yangu chama chao kilikuwa njia ya kukubali jambo gumu: mtu anaweza kuwa mgeni bila kuhama.

Bunju yenyewe wakati huo ilikuwa kijiji. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 mtafiti kutoka Finland, Marja-Liisa Swantz, aliishi hapa kati ya Wazaramo, na kitabu chake kuhusu mila na ishara zao kilitoka mwaka 1970. Anayetaka kujua shughuli za mwali na matambiko ya enzi ile ataipata Bunju humo. Wanaume wa kijiji hawakuwa na daftari. Kundi lao lilianzia jando: mliotahiriwa pamoja mlijuana mpaka kufa, na ukimkosea mwenzako wa jandoni, wazee waliwaita nyote wawili. Baba yangu alikuwa na wenzake wa namna hiyo. Walikaa chini ya mkorosho jioni wakicheza bao, na nikipita walinyamaza mpaka nimepita.

Baada ya Uhuru vyama vya kikabila havikupendwa. Serikali ilitaka Watanzania, si Wazaramo na Wapogoro, na nafasi ya chama ikachukuliwa na balozi wa nyumba kumi. Akifa mtu, balozi ndiye aliyepita mlango kwa mlango. Utaratibu huo ulifaa, ila ulikuwa pia jicho la dola. Mwaka 1983, Nguvu Kazi ilipoanza, wanaume wasio na kitambulisho cha kazi walisombwa mjini wapelekwe wakalime. Mtu aliyelala na hofu hiyo hawezi kumweleza jirani yake kwamba ameachishwa kazi.

Kisha mji wenyewe ukatufuata. Barabara ya Bagamoyo ilileta viwanja, viwanja vikaleta Wachaga, Wahaya, Wasukuma na Wangoni. Mikorosho ikaanguka. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande, jirani zetu hapo juu. Baba zetu waliuza ekari kwa bei ya baiskeli, na wapo watoto wao ambao leo wanapanga vyumba katika nyumba zilizojengwa juu ya mashamba hayo. Wengi wa wanachama wangu wa Kizaramo ni hao.

Chama chetu hakina kabila. Kiingilio kipo, ada ni shilingi 5,000 kwa mwezi, na tuna turubai mbili, viti, masufuria, majembe, sururu na machela. Muislamu akifa, Wakristo wanachimba. Mkristo akifa, Waislamu wanafunga turubai na kusimamia maegesho. Daftari ninalo mimi, na nimejifunza kulisoma kwa namna nyingine. Mwanamume hasemi kwamba biashara imekufa. Ada yake inasimama. Hasemi kwamba ndoa imeyumba. Anaanza kulipa kupitia kwa mtoto. Mwenzetu mmoja wa bodaboda alipokosa michango, kikao kilikuwa tayari kumtoza faini. Mzee mmoja akainua mkono: “Katibu, kabla ya faini, nani amefika kwake?” Hakuna aliyefika. Tulipokwenda tulimkuta amepooza upande mmoja, pikipiki imesharudi kwa mwenyewe. Tangu siku hiyo katiba inasema asiyelipa miezi miwili atembelewe na watu wawili, na faini isitajwe siku ya ziara.

Wanaotembelea hawaendi mikono mitupu. Wanabeba sukari au unga, na wakikaa wanaanza na habari za Simba, ambao tangu 2019 wana uwanja wao wa mazoezi hapa hapa Bunju. Mazungumzo yenyewe huja mlangoni, mwenye nyumba akiwasindikiza wageni.

Serikali haituoni sana. Sheria iliyopitishwa mwaka 2018 inazitaka halmashauri zitenge asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Siipingi hata kidogo. Wanawake walinyimwa kwa muda mrefu. Lakini mwanamume aliyevuka umri wa ujana, asiye na ajira wala shamba, hayumo katika hesabu hiyo, na ndiye anayejaa katika daftari langu.

Suala lililo mezani sasa ni ardhi. Zamani Mzaramo alizikwa shambani kwa ukoo wake, na Mchaga alisafirishwa Moshi. Shamba la ukoo limeuzwa, wakati mwingine na makaburi yakiwa ndani, na gari la kwenda Moshi linamaliza mfuko wa chama kwa safari moja. Watoto wa Wachaga waliozaliwa hapa wameanza kusema wanataka kuzikwa hapa. Katika kikao cha mwisho tulikubaliana kuanza kuchangia eneo la kuzikia huku nyuma, kuelekea mto Mpiji. Kulikuwa na aliyependekeza wenyeji wapewe sehemu ya mbele. Wazaramo wenyewe ndio waliokataa. Muhtasari unasema eneo litakuwa na upande wa Waislamu na upande wa Wakristo, na kwamba ndani ya kila upande watu watazikwa kwa kufuata tarehe waliyofariki.