Dola Zilizolala na Dola Zilizotembea

Mwaka 1962 ulipokuwa ukielekea ukingoni, wakusanyaji wa sarafu huko Marekani walipatwa na mshtuko. Kwa miaka mingi waliamini kwamba dola ya fedha iliyopigwa New Orleans mwaka 1903, yenye herufi ndogo ya O nyuma, chini ya tai, ni miongoni mwa dola adimu mno za aina yake. Ile iliyo mpya, isiyopata kupita mikononi mwa watu, iliandikiwa bei ya dola 1,500 katika vitabu vya biashara hiyo, na wengi waliokuwa na uwezo wa kuinunua hawakupata hata kuiona. Krismasi ilipokaribia, mabenki yakataka dola za fedha za kuwapa wateja, na Hazina ya serikali ikafungua magunia yaliyokuwa yamelala kwa miongo kadhaa, kila gunia na dola zake 1,000. Humo zikatoka dola za 1903 za New Orleans kwa maelfu, ziking'aa kama zilizotoka kiwandani jana. Haikupita miezi mingi bei yake ikaporomoka hadi makumi ya dola.

Sarafu yenyewe haikuwa imebadilika. Uzito wake ulikuwa ule ule, gramu 26.73, na katika kila sehemu 1,000 za madini yake, 900 ni fedha safi. Wala haikuwa siri kwamba kiwanda cha New Orleans kilipiga zaidi ya dola 4,400,000 mwaka huo. Idadi hiyo ilikuwa imechapishwa, nayo si ya kitu adimu. Ila wajuzi waliisoma na kuiweka kando, wakisema kwamba zilizopigwa ni nyingi lakini zilizobaki ni chache, kwa kuwa nyingine ziliingia tanurini mwaka 1918. Hoja yao ilikuwa na msingi, maana tanuri hilo lilikuwapo kweli.

Habari ya tanuri hilo inatoka Bara Hindi. Katika Vita Vikuu vya Kwanza serikali ya Kiingereza ilitoa noti nyingi za karatasi huko, kila noti ikiwa na ahadi ya kulipwa rupia za fedha. Mwaka 1918 watu walianza kuidai ahadi ile kwa wingi, na akiba ya fedha ikakaribia kukauka. Uingereza ikageukia Marekani, ambako mamia ya mamilioni ya dola za fedha zilikuwa zimelala katika hazina bila ya kazi, kwa kuwa watu wa miji ya mashariki walipendelea karatasi kuliko sarafu nzito. Tarehe 23 Aprili 1918 ikapitishwa sheria iliyobeba jina la Seneta Key Pittman wa Nevada, jimbo la migodi ya fedha. Chini ya sheria hiyo ziliyeyushwa dola 270,232,722, karibu nusu ya dola zote za mchoro wa George Morgan zilizokuwa zimepigwa tangu 1878 hadi 1904. Zaidi ya milioni 259 kati ya hizo ziliuzwa kwa Uingereza zikiwa fedha tupu, nazo zilizosalia zikafanywa sarafu ndogo ndogo za Marekani.

Rupia iliyookolewa kwa njia hiyo ndiyo iliyokuwa ikihesabiwa madukani Mombasa na Unguja. Fedha ilipopanda bei baada ya vita, rupia nayo ikapanda mbele ya pauni, hata hesabu za biashara katika Afrika ya Mashariki zikavurugika. Waingereza wakaleta florini mwaka 1920, na haikukaa ila kwa muda mfupi, ikapokewa na shilingi. Zanzibar ilibaki na rupia yake hadi 1936.

Kwa mwenye kutafuta tarehe za sarafu, kosa kubwa la mwaka 1918 ni daftari ambalo halikuandikwa. Hakuna aliyeorodhesha ni dola za mwaka gani, au za kiwanda gani, zilizotiwa motoni. Kwa hiyo zile hesabu nzuri za sarafu zilizopigwa, zilizotunzwa kwa uangalifu mkubwa, zikawa kama orodha ya abiria wa jahazi lililozama: inasema ni nani walipanda, haisemi ni nani waliofika. Wakusanyaji walilijaza pengo hilo kwa kukisia, na kwa dola ya 1903 ya New Orleans walikisia vibaya.

Sheria ile ile iliitaka serikali inunue fedha ya migodi ya Marekani kwa dola moja kwa kila wakia, kisha ipige dola upya badala ya zile zilizoyeyushwa. Mwaka 1921, bei ya soko ikiwa imeshuka chini ya hapo, mitambo ikaanza tena. Mihuri asilia ya Morgan ilikuwa imekwisha kuharibiwa mwaka 1910, ikabidi mzee huyo atengeneze mipya, na picha yake ikatoka bapa kuliko ya zamani. Zikapigwa zaidi ya milioni 80 kwa mwaka mmoja. Ndiyo sababu dola ya mchoro huo aliyorithi mtu kutoka kwa babu yake mara nyingi ni ya 1921, na mara nyingi humvunja moyo anapoipeleka kuuza.

Uchache, hata hivyo, ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni hali ya sarafu, na hapa nusu dola ya Adolph Weinman, ile ya mwanamke anayetembea kuelekea jua linalochomoza, inafundisha zaidi. Mwaka 1938 kiwanda cha Denver kilipiga nusu dola 491,600. Kiwanda cha San Francisco mwaka 1921 kilipiga zaidi kidogo, 548,000 hivi. Mwenye kufuata hesabu atasema ya Denver ndiyo adimu. Lakini kufikia 1938 ukusanyaji ulikuwa umeenea, na watu walioisikia idadi ile ndogo waliziweka kando zikiwa mpya, hazisumbui kupatikana. Mwaka 1921 ulikuwa mwaka wa dhiki ya biashara, ambapo nusu dola ilikuwa mkate na nauli, na si wengi waliokuwa na ya kuweka. Sarafu zile zikaenda kazini. Zilizobaki zimelika: uso umekuwa kivuli, mikunjo ya vazi imesawazika, mkono wa kushoto umezama katika mwili. Iliyo mpya ya mwaka na kiwanda hicho ni miongoni mwa zinazotafutwa mno katika mfululizo wote.

Kipimo cha hali hiyo ni namba kutoka 1 hadi 70. Kilibuniwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za zamani, kisha kikahamishiwa sarafu nyingine zote. Namba 60 na kuendelea ni ya sarafu isiyopata kutumika. Kwa ghafla ya kwanza jambo hili ni la kushangaza: chombo kilichofanywa kipite mkono kwa mkono kinapewa heshima ya juu pale tu kisipopita. Hata kusafisha ni hasara. Mwenye kuisugua dola yake ing'ae huondoa ngozi yake ya juu pamoja na mng'aro wa asili uliozaliwa chini ya mashine, na mnunuzi mjuzi huiona mikwaruzo ile kwa mtazamo mmoja. Weusi wa miaka, ambao mama wa nyumbani angeuona aibu kwenye kijiko chake, katika sarafu huachwa.

Hapo pia ndipo udanganyifu unapoingia. Senti kumi ya Denver ya mwaka 1916, iliyopigwa 264,000 tu, imeghushiwa sana kwa kubandikwa herufi D nyuma ya sarafu ya Philadelphia ya mwaka huo, ambayo ni ya kawaida kabisa.

Hasara nyingine ikaja Januari 1980, wakia ya fedha ilipokaribia dola 50. Watu walipanga foleni na mikebe ya sarafu za zamani, na wayeyushaji hawakuuliza mwaka. Zilizoliwa na moto safari hii zilikuwa hasa zile zilizochakaa, zilizofanya kazi ya watu kwa miaka thelathini au arubaini, nazo pia hazikuorodheshwa.

Katika sarafu zote za wakati ule, robo dola ya Hermon MacNeil ndiyo yenye kusikitisha zaidi. Mwanamke amesimama langoni, ngao mkono wa kushoto, tawi la mzeituni mkono wa kulia, na mwaka umechongwa juu ya kidato alichosimamia. Zilipigwa 52,000 tu katika siku za mwisho za 1916, zikatolewa Januari 1917 pamoja na nyingi za mwaka mpya, na aliyezipokea hakuwa na sababu ya kuzitenganisha. Mchongaji aliuweka mwaka mahali palipoinuka, ambapo kila kidole na kila meza ya duka ilipagusa kwanza. Mwaka ukafutika kabla ya sura. Kosa hilo halikurekebishwa mpaka 1925, ulipozamishwa ndani kidogo. Robo dola za miaka hiyo zisizo na mwaka zipo nyingi, na kwa kawaida huuzwa kwa uzito wa fedha yake. Lakini wapo wanaozigeuza moja moja chini ya taa, wakitazama mpangilio wa nywele na mkunjo wa vazi karibu na mguu, kwa kuwa hapo ya 1916 hutofautiana kidogo na ya 1917. Ikitambulikana, hata bila ya mwaka wake, bei yake huipita mbali ndugu yake wa 1917 ambaye mwaka wake bado unasomeka.